Kiti cha Mbunge Hakirithiwi

Karibuni karibu na redio, kila mtu na daftari lake na kalamu yake. Somo letu la leo lahusu urithi na kura.

Hapa Moshono baba akifariki, ukoo huketi. Ng'ombe huhesabiwa, mipaka ya shamba hutazamwa, kila mtu akajua fungu lake. Hayo yalikuwa mali ya baba, na wanawe huyarithi. Je, na uongozi? Zamani katika makabila mengi uchifu ulikaa katika ukoo mmoja. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliufuta utawala wa machifu. Siku hizi mbunge wa jimbo hupatikana kwa kura. Hata hivyo, jina la ukoo bado lina nguvu.

Sikilizeni habari ya jirani zetu. Ukishika barabara kuu ya kwenda Moshi, utafika Usa River, katika jimbo la Arumeru Mashariki. Mbunge wa huko alikuwa mzee Jeremiah Sumari wa CCM, aliyepata pia kuwa Naibu Waziri wa Fedha. Alifariki Januari 2012. CCM ikamsimamisha mwanawe, Siyoi Sumari. CHADEMA ikamsimamisha Joshua Nassari, kijana aliyegombea mwaka 2010 akashindwa na mzee Sumari.

Wananchi walipiga kura tarehe 1 Aprili 2012. Nassari alipata kura 32,972. Siyoi alipata kura 26,757. Twaeni kalamu, mtoe hesabu: 32,972 toa 26,757. Mmepata ngapi? Naam, 6,215. Kiti cha baba kikaenda kwa mtu wa ukoo mwingine.

Je, maana yake mtoto wa mbunge hafai? Hasha. Tazameni Kalenga, mkoani Iringa. Waziri wa Fedha, Dkt. William Mgimwa, mbunge wa huko, alifariki Januari 2014. Tarehe 16 Machi mwaka huohuo wananchi wakamchagua mwanawe, Godfrey Mgimwa. Arumeru walisema la, Kalenga wakasema ndiyo. Kote kuwili neno la mwisho lilikuwa la mpiga kura.

Basi akija kijana mwenye jina kubwa kuomba kura yako, mpokee kwa heshima, mpe pole ya msiba kama umempata. Kisha muulize maneno matatu. Kwanza: wewe mwenyewe umefanya kazi gani? Pili: utafanya nini juu ya maji, barabara na shule zetu? Tatu: baba yako alituahidi mambo gani ambayo hayajatimizwa? Anayetaka kurithi jina, na arithi na deni lake. Na mgombea asiye na jina, muulize vivyo hivyo, maana ugeni peke yake si sifa.

Sasa mwaona kwa nini twajifunza kusoma. Asiyejua kusoma huruhusiwa kusaidiwa kupiga kura na mtu anayemwamini. Hilo ni jema, lakini siri yake yajulikana na watu wawili. Wewe uliyejifunza utaingia peke yako, utasoma majina yote, utaweka alama yako, utatoka. Hata mume, mke au kaka hatajua usipomwambia.

ZOEZI

Andikeni maneno haya: urithi, ukoo, jimbo, mgombea, kura, siri.

Andikeni sentensi hii mara tatu: Shamba ni la baba, kura ni yangu.

Jibuni katika daftari: 1. Uchaguzi wa Arumeru Mashariki ulifanyika mwaka gani? 2. Wewe ungemuuliza mgombea swali gani la nne?

Majibu yenu msomeane darasani. Kwaherini.