Kutoka mvua ya Amani hadi jangwa la Maziwe



Juma hili nimepata barua kutoka Amani, kule juu katika milima ya Usambara Mashariki. Aliyeiandika ni mwalimu wa shule ya msingi. Anasema walimu na wazazi wamechangishana fedha ili wawateremshe watoto wapatao 40 wa darasa la sita wakaione bahari, kwani wengi wao hawajapata kuiona kwa macho yao. Katika kikao cha wazazi, mzee mmoja mwenye ndugu huko Oman alisimulia habari za mji wa Sur, ambako nyuma ya nyumba kuna jangwa na mbele kuna bahari, na usiku kasa wakubwa hutoka majini kuja kutaga. Watoto wameisikia habari hiyo na sasa hawalali. Mwalimu anauliza: je, hapa kwetu pana mahali pa namna hiyo, na safari yake ipangwe vipi?

Kwanza, mzee yule hakutia chumvi. Sur ni mji wa mabaharia na mafundi wa majahazi. Babu zetu wa Tanga na Pangani waliwajua watu wake, maana walikuwa wakija na upepo wa kaskazi na kurudi kwao na kusi. Karibu na mji huo, huko Ras al Jinz, serikali ya Oman ilitangaza hifadhi ya kasa mwaka 1996. Wageni hupelekwa ufukweni usiku kwa makundi, wakiongozwa, na mtu hawashi taa ovyo. Lakini nauli ya ndege ya mtoto mmoja kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ingewatosha wenzake wote kushuka Pangani na chenji ikabaki.

Na jangwa, Mwalimu, tunalo. Ni dogo, nalo limezungukwa na maji pande zote. Linaitwa Maziwe.

Maziwe ni kisiwa kilichoko kilomita 8 hivi kutoka ufuko wa Ushongo, kusini ya Pangani. Nasema kisiwa kwa mazoea tu. Ukifika leo utaona fungu la mchanga mweupe lisilo na mti hata mmoja, halina kivuli wala maji ya kunywa. Maji ya bamvua yakijaa, fungu lote hufunikwa, na mgeni asiyejua angeapa kwamba hapo hapakuwa na kitu.

Zamani haikuwa hivyo. Wazee wa Pangani walio hai bado wanakumbuka mivinje ya Maziwe, nao wavuvi walipumzika chini yake. Kilikuwa kituo mashuhuri cha kutagia kasa katika pwani yetu, na kwa ajili hiyo serikali ilikifanya hifadhi katika miaka ya 1970. Basi ikawa kama mtu aliyetia kufuli mlango wakati ukuta wa nyuma unabomoka. Miti ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kisiwa kilikwisha kumezwa. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti nzima kuhusu kuharibika kwa kisiwa hicho na sababu zake. Zipo sababu za bahari yenyewe, mawimbi na mikondo. Lakini mtoto wa Amani, aliyezaliwa ndani ya msitu, haitaji ripoti ili aelewe mlima au mchanga unavyokuwa ukishavuliwa miti.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma. Kasa jike hukaa baharini miaka 20, 30, hata 40 kabla hajawa tayari kutaga. Wakati ukifika, hurudi kwenye pwani ile ile alikototolewa. Kwa hiyo kasa aliyetoka kwenye yai mwaka 1975, wakati mivinje ingalipo, huenda anarudi Maziwe katika miaka yetu hii. Anapanda usiku juu ya mchanga mtupu, anachimba shimo lake kwa mapezi ya nyuma, anaacha mayai mia moja na ushei, anafukia, anaondoka. Hana habari kwamba bamvua lijalo litayafunika mayai yake yote na kuyaozesha.

Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa Ushongo, wakisaidiwa na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakienda Maziwe kwa mashua kuyachukua mayai hayo na kuyafukia upya kwenye ufuko wao, mahali maji yasipofika. Ni kazi ya kuamka usiku na ya kuhesabu. Mayai huchukua siku 50 hadi 60 hivi. Anayetunza kiota huandika tarehe, na siku zikikaribia hukaa macho. Vitoto hutoka kwa pamoja, kila kimoja ukubwa wa kiganja cha mtoto, vikaanza kukimbilia majini kana kwamba vimeitwa.

Hapo ndipo mpango wa safari ulipo, Mwalimu, nao una mkorogo kidogo.

Viota vingi hupasuka katikati ya mwaka. Likizo yenu ndefu ya katikati ya mwaka huangukia Juni. Kwa hiyo mngedhani mambo yamenyooka. La. Juni ni mwezi wa kusi, na kusi likivuma sawasawa, mkondo wa Maziwe si mahali pa kupeleka watoto wa mlimani ambao hawajui kuogelea. Najua nahodha atakayekwambia, "Hakuna tabu, Mwalimu, tumezoea." Yeye amezoea, watoto 40 hawajazoea. Nchi hii ilizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, ikazika tena wa Spice Islander mwaka 2011, na mara zote mbili chombo kilikuwa kimejazwa kupita kiasi. Mashua ya Pangani ni ndogo zaidi kuliko hizo.

Ushauri wangu ni huu. Kama ni watoto, nendeni Juni, lakini msipande mashua kabisa. Ishieni Ushongo. Pigeni simu majuma mawili kabla, muulize kiota kipi kinakaribia, na tarehe ya safari mfuate ya kasa, msifuate ya kamati. Nauli ya mashua mtakayookoa itawalipia watoto chakula. Najua kuna walimu watakaonuna, kwa sababu wanaitaka Maziwe wenyewe. Basi hao waende peke yao wakati wa demani, kuanzia Septemba, au Februari na Machi kaskazi likiwa linachoka.

Na wakienda, wautazame mwezi kabla ya kutazama kalenda ya ukutani. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10 alasiri. Ondokeni saa 2, mfike mchanga unaanza kujitokeza, na saa 7 mchana muwe mmekwisha kung'oa nanga. Mkichagua siku za maji mafu, saa zinageuka: asubuhi maji yamejaa, na mchanga ni haba. Kila atakayepanda avae jaketi la kuokolea, na kama hayatoshi, wasiotoshewa wabaki nchi kavu. Chukueni maji ya kunywa ya kutosha, kofia na kanga za kujifunika, maana jua la pale hupiga kutoka juu na kutoka mchangani. Kibali hupatikana kwa Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na Mtanzania hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Njiani mkibahatika mtaona pomboo. Kati ya Julai na Novemba nyangumi nao hupita mbali kidogo.

Kuhusu barabara sina mengi. Ile ya kushuka Amani hadi Muheza mnaijua kuliko mimi, ina kona kali na utelezi mvua ikinyesha, kwa hiyo tumieni basi dogo, na dereva awe mtu wa huko huko. Kutoka Muheza ipo njia ya moja kwa moja kwenda Pangani bila kupitia Tanga mjini. Ushongo iko ng'ambo ya mto, hesabuni muda wa kuvuka. Mkiwa Pangani mjini, waonyesheni watoto mji ule wa kale, na mwambieni Abushiri bin Salim alinyongwa hapo Desemba 1889 kwa kupigana na Wajerumani, wale wale ambao mwaka 1902 walianzisha kituo cha utafiti huko kwenu Amani. Watoto watashangaa kwamba historia ya mlima na ya pwani ni moja.

Ufukweni Ushongo, watoto wasimame pembeni, wasikae kati ya kiota na maji. Pasiwe na tochi wala mwanga wa simu, kwani kitoto cha kasa hufuata mwanga, na mwanga wa uongo humpeleka porini kwa kaa na kunguru. Wasikiokote kimoja wakibebe hadi majini kwa huruma. Kiacheni kitambae chenyewe, hata kikianguka kwenye nyayo za mtu.

Jambo la mwisho kabla muda haujaniishia. Mwalimu anauliza kama watoto wapewe kazi ya kuandika wakirudi. Wapewe, ila kabla ya kuondoka wapelekwe kwanza mtoni Sigi, waonyeshwe rangi ya maji siku ya mvua. Mto huo ndio unaowanywesha watu wa Tanga mjini, na kinachobaki huingia baharini. Wakifika pwani waulizwe tena maji yana rangi gani.