Bakshishi ya Melini: Nani Anamlipa Mhudumu Wako?

(Maneno niliyoyasema mbele ya kikao cha jumuiya yetu, Southampton.)



Nimeombwa niseme machache kuhusu bakshishi kwenye meli za kitalii, baada ya ule ubishi wa kikao kilichopita. Kaka yetu mmoja, simtaji, alisimulia jinsi alivyokwenda mapokezi siku ya mwisho ya safari, akaifutilia mbali ada ya huduma na kurudishiwa dola zake zote. Akatushauri na sisi tufanye hivyo hivyo, kwa kuwa huo ni wizi mtupu wa mabepari. Wengi tulimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo nataka kueleza kwa nini.

Mimi ni nesi, si mchumi. Lakini kabla ya kazi yangu ya sasa hospitalini nilimaliza mikataba miwili katika zahanati ya meli ya namna hiyo. Manesi tunahesabiwa pamoja na maofisa, tunalipwa mshahara kamili na hatumo kwenye mgawo wa bakshishi. Kwa hiyo sina langu ninalolitetea hapa.

Zamani usiku wa mwisho abiria walipewa bahasha, wakatia wanachopenda na kumkabidhi mhudumu wa chumba na yule wa mezani. Siku hizi kampuni nyingi, hasa za Marekani, zinakata zenyewe kwenye akaunti yako. Mwaka 2024 viwango vya kampuni kubwa kwa vyumba vya kawaida vilikuwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, na watoto wanahesabiwa. Chukua familia ya watu wanne, usiku saba, kwa dola 16: ni dola 448 juu ya nauli. Kinywaji cha baa kinaongezewa asilimia 18 au 20 papo hapo, halafu risiti inaletwa na mstari mtupu wa kuandika bakshishi nyingine. Wengi wetu tumeujaza ule mstari tukidhani hatujatoa kitu!

Sasa, pesa ile haiendi yote kwa yule kijana anayekukunjia taulo mfano wa tembo. Inaingia kapu moja, inagawiwa wahudumu wa vyumba, wa mezani na wasaidizi wao, na kwenye baadhi ya kampuni hata watu wa jikoni na wa dobi usiowaona kabisa. Naomba nieleweke hapa: kwa wengi wao hiyo si nyongeza juu ya mshahara. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya mshahara wenyewe. Mwenye meli ameutoa mzigo wake mgongoni akautua kwako, kisha akauita zawadi.

Anawezaje? Bendera. Ofisi iko Miami, meli imesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, na mkataba unafuata huko. Hapa Uingereza, tangu Oktoba 2009 mwajiri haruhusiwi kuhesabu bakshishi ndani ya kima cha chini cha mshahara, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimisha mwenye mgahawa kuwapa wafanyakazi bakshishi yote. Mgahawa ulio kando ya gati unabanwa. Meli ya Bahamas iliyofungwa kwenye gati hilo hilo, ikielekea Norway, kwa kawaida haibanwi. Mwaka 2012 gazeti la Guardian liliandika kwamba kampuni moja inayouza safari kwa Waingereza ilikuwa inawalipa baadhi ya wahudumu mshahara wa msingi wa peni 75 kwa saa. Peni sabini na tano!

Upo Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Una kiwango cha mshahara, kilichopandishwa hadi dola 673 kwa mwezi Januari 2025, lakini hicho kimewekwa kwa baharia stadi wa sitahani, tena ni pendekezo. Saa za kazi ndizo zenye nguvu: zisizidi 14 kwa siku, wala 72 kwa wiki. Hebu tazameni kwamba hata hicho kinachoitwa ulinzi ni saa 72.

Niwape moja la zahanati. Ugonjwa wa kutapika na kuhara unaosababishwa na kirusi cha noro husambaa melini kama moto wa makuti. Kwa utaratibu wa afya wa Marekani, anayeshika chakula akiugua hutengwa mpaka zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Kijana mmoja wa Mombasa, mhudumu wa mezani, aliletwa kwangu na mwenzake usiku, akitetemeka. Alikuwa ametapika tangu asubuhi na amehudumia chakula cha mchana. Nilimgombeza sana. Akaniambia, "Dada, nikilala siku tatu, mgawo wa siku tatu umekwenda, na mdogo wangu anadaiwa ada ya shule." Kwenye meli ile mgawo ulifuata siku ulizofanya kazi. Nilimfungia chumbani, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Hakunisemesha mpaka mkataba ulipoisha, na hadi leo sijui nani kati yetu alikuwa amemkosea mwenzake.

Ndiyo maana nasema kaka yetu hakumpiga bepari. Dola zake 448 zilitoka kwenye kapu la akina yule kijana. Ukiudhiwa na ada, andikia kampuni, kasirika, wape kura wanaotaka bendera hizi zibanwe, lakini usiende mapokezi. Inawezekana kufanya vingine: P&O Cruises mwaka 2019 iliacha kutoza ada hiyo pembeni, ikaiingiza kwenye nauli. Swali la kuwauliza wote ni kama imeingia pia kwenye mshahara wa mkataba.

La mwisho ni kwa wanaotusoma nyumbani. Kenya iliridhia mkataba ule mwaka 2014, Tanzania mwaka 2019. Ndani yake wakala haruhusiwi kumtoza kijana pesa ya kumtafutia kazi. Anaweza kujilipia pasipoti, cheti cha afya na kitabu cha ubaharia. Viza ni juu ya mwenye meli. Wakala akikwambia "lete laki kadhaa, tipu za huko utazirudisha mwezi wa kwanza", mwombe mkataba, utafute mshahara wa msingi, kisha uulize ukiugua unalipwa nini.

Naomba kuwasilisha.