Picha Yenye Saini

Picha inayopigwa kwa simu usiku huwa ni mkusanyiko: simu hupiga fremu kadhaa mfululizo, huzilinganisha, huondoa chengachenga, kisha huziunganisha kuwa picha moja angavu. Hilo halina ubaya. Hatari kubwa ni akili mnemba, inayoweza kutengeneza tukio ambalo halikutokea kabisa.

Mwaka 2021 Adobe, BBC, Microsoft na wenzao waliunda C2PA, muungano unaoweka kiwango cha kuthibitisha asili ya picha. Oktoba 2023 Leica ikatoa M11-P, kamera ya kwanza kuitia picha saini ya kidijitali ya kiwango hicho pale pale inapopigwa. Saini hufungamana na nukta za picha yenyewe. Mtu akifuta sura moja kwenye umati kwa siri, ukaguzi huonyesha kwamba picha imeguswa. Mwaka 2025 uwezo huo uliingia katika simu za Pixel 10, hatua muhimu zaidi, kwa kuwa ushahidi mwingi wa mitaani hunaswa kwa simu.

Hata hivyo, mitandao mingi ya kijamii bado hufuta taarifa za saini picha inapopakiwa, na picha isiyo na saini si lazima iwe ya uongo.