Moshi Nyuma ya Ripoti

Septemba 2015, faharasa ya uendelevu ya Dow Jones iliitaja Volkswagen kinara wa kampuni za magari duniani. Siku chache tu baadaye, Marekani ikafichua kwamba magari ya dizeli ya kampuni hiyo yalitiwa programu ya hila: kwenye maabara ya kupimia moshi yanatii sheria, yakiingia barabarani yanatoa oksidi za nitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari yapatayo milioni 11.

Aliyeifumua siri hakuwa mkaguzi wa ripoti za mazingira. Ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia waliofunga vipimo nyuma ya gari na kuliendesha mpaka Seattle.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na ripoti ya mazingira huandikwa na kampuni yenyewe. Bodi nayo? Nusu ya viti ilikuwa ya wafanyakazi. Upande wa pili ulitawaliwa na wenye hisa wakubwa: familia za Porsche na Piëch, jimbo la Lower Saxony na Qatar. Mgeni wa kuuliza maswali magumu angekaa wapi?

Oktoba ya mwaka huohuo, Volkswagen ikaondolewa kwenye faharasa.