MATUMIZI YA NYUMBANI NA AKIBA YA FAMILIA

(Maelezo kamili ya mazungumzo ya Ofisa Habari wa Wizara mbele ya masheha, wazee, vikundi vya akina mama na vijana)

Ndugu masheha, wazee wetu waheshimiwa, akina mama, akina baba na vijana,



Awali ya yote natoa shukrani zangu kwenu nyote kwa kuacha shughuli zenu na kuja kusikiliza. Jambo nililokuja kulizungumza si geni kwa yeyote kati yetu, nalo ni namna ya kupanga mapato na matumizi ya nyumba, na namna ya kuweka akiba kwa ajili ya shabaha maalumu. Aghalabu tunalisikia neno bajeti pale linapotajwa katika Baraza la Wawakilishi, tukadhani kuwa ni kazi ya mawaziri peke yao. Ukweli ni kwamba kila nyumba yenye chungu jikoni ina bajeti yake. Tofauti ni kuwa wengine wameiandika, na wengine huigundua fedha inapokwisha.

Ndugu wananchi,

Hapa Visiwani fedha haiingii kwa mwendo mmoja mwaka mzima. Mtumishi wa Serikali hupata mshahara mwisho wa mwezi. Mkulima wa karafuu huuza zao lake kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, wakati wa msimu tu, na mkarafuu wenyewe hauzai sawasawa kila mwaka. Baada ya mavuno makubwa huja mwaka, au miaka, ya mavuno haba. Mama anayelima mwani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, hushuka pwani kwa bamvua, na mwani wake huchukua takriban wiki sita tangu kufungwa hadi kuvunwa. Mvuvi hutegemea pepo za kusi na kaskazi. Kijana wa hoteli hujua kwamba masika ya Aprili na Mei huwapunguza wageni, na baadhi ya hoteli hufunga milango.

Lakini matumizi hayajui bamvua wala msimu. Mtoto hula kila siku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya bajeti ya nyumba ni kuichukua fedha inayoingia kwa vipindi na kuigawa ipate kutosheleza siku zote. Mwenye kipato cha msimu asijihesabu kuwa tajiri siku anayouza. Achukue alichopata, akigawe kwa idadi ya miezi hadi msimu mwingine, na jawabu analolipata ndilo mshahara wake wa kila mwezi.

Ndugu wananchi,

Naomba sasa tutazame mfano. Mfano huu ni wa kutunga, kwa ajili ya kufahamishana tu. Tuseme mume anapata mshilingi 450,000 kwa mwezi, na mke, kwa hiari yake, anachangia shilingi 150,000 kutokana na maandazi na mwani. Jumla ni shilingi 600,000. Wanakaa pamoja na kuandika hivi:

Chakula, kwa shilingi 9,000 kila siku: 270,000
Nauli: 60,000
Umeme na maji: 30,000
Mkaa na gesi: 30,000
Mahitaji ya kila siku ya skuli: 40,000
Matibabu: 20,000
Nguo na mahitaji madogo: 30,000
Harusi, misiba na kusaidia jamaa: 30,000
Kulipa deni: 30,000
Akiba: 60,000

Mkijumlisha mtaona kwamba hesabu inafunga kwa shilingi 600,000 kamili. Napenda mzingatie mambo mawili katika orodha hiyo. Kwanza, harusi na misiba imeandikwa. Wengi wetu huviacha vifungu hivi kwa kudhani kuwa ni dharura, ilhali hapana mwezi unaopita bila ya kadi ya harusi au habari ya msiba. Jambo linalokuja kila mwezi si dharura. Pili, akiba imeandikwa kama deni, yaani ni fedha inayotengwa siku ile ile ya mapato. Anayesubiri kuweka kitakachobakia hukuta hakijabakia kitu.

Niseme pia, kwa adabu, kuhusu mchango wa mke. Katika mafundisho ya dini yetu, nafaka ya nyumba ni wajibu wa mume, na mali ya mke ni yake. Kwa hivyo anapochangia, achangie kwa makubaliano, na ieleweke baina yao kama alichotoa ni msaada au ni mkopo. Nyumba nyingi haziharibiki kwa uchache wa fedha. Huharibika kwa kufichana: mume hasemi mshahara wake, mke hasemi faida ya biashara yake, na kila mmoja anadhani mwenzake anazo.

Ndugu wananchi,

Sasa naingia katika jambo ambalo khasa ndilo lililonileta, nalo ni kalenda. Sisi tunaishi kwa kalenda mbili. Mshahara, skuli na bili ya umeme hufuata miezi ya jua. Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, Idi na Maulidi hufuata mwezi unaoandama. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa takriban siku 11, na kwa sababu hiyo Ramadhani hutangulia kila mwaka.

Tukihesabu mbele, na kwa kutegemea kuandama kwa mwezi, Ramadhani inatarajiwa kuanza mwishoni mwa Januari mwaka 2028, katikati ya Januari mwaka 2029, na mwanzoni mwa Januari mwaka 2030. Kisha itaingia tena mwishoni mwa Desemba mwaka huo huo wa 2030, yaani katika mwaka mmoja wa kawaida tutaanza kufunga mara mbili.

Tafadhalini tulipime jambo hili. Januari ni mwezi wa kufunguliwa skuli: sare, viatu, mabegi na madaftari. Kwa miaka hiyo, mwezi ule ule utakuwa wa kununua vya futari na daku, na nyuma yake nguo za Idi. Familia iliyozoea kuhema baina ya skuli na sikukuu haitapata pumzi. Asiyejiandaa atakimbilia dukani kukopa, na deni la Januari litamfuata hadi msimu wa karafuu.

Dawa yake ni hesabu nyepesi. Ikiwa familia ya mfano wetu inahitaji shilingi 180,000 za kufungulia skuli na shilingi 300,000 za Ramadhani na Idi, jumla ni shilingi 480,000. Ikianza miezi 12 kabla, itatakiwa iweke shilingi 40,000 kila mwezi. Ikianza miezi mitatu kabla, itatakiwa iweke shilingi 160,000 kila mwezi, jambo ambalo haliwezekani kwa kipato kile. Mzigo ni ule ule, ila uzito umetofautiana kwa sababu ya muda. Wahenga walisema akiba haiozi.

Katika zile shilingi 60,000 za akiba, baada ya kutoa hizo 40,000, zinabakia 20,000. Hizi ziwe za dharura, na kwa mwaka zitafika 240,000. Zisiguswe kwa nguo wala kwa sherehe; ni za maradhi ya ghafla, paa lililovuja, au chombo cha kazi kilichoharibika.

Na shabaha kubwa, mathalan kuezeka bati au kwenda Hijja? Hapo nasema: deni likimalizika, fedha yake isirudi kwenye matumizi. Zile 30,000 zilizokuwa zikilipa deni ziendelee kutolewa, sasa kwa jina la bati. Kwa mwaka ni 360,000, na kwa miaka mitatu ni 1,080,000. Nyumba imekwisha kuzoea kuishi bila ya fedha hizo, na haitasikia maumivu.

Kwa upande wa Hijja, wenzetu wa Malaysia wanatupa mafunzo. Huko, wanavijiji wengi walikuwa wakiweka fedha zao majumbani, au wakiuza mashamba na mifugo ili wahiji, kisha hurudi wakiwa mafakiri. Mwaka 1959 mwanauchumi Ungku Abdul Aziz alitoa pendekezo la kuundwa chombo cha kuwekea akiba za mahujaji bila ya riba, na mwaka 1963 chombo hicho, kinachojulikana leo kwa jina la Tabung Haji, kikaanza kazi. Watu wanyonge waliweka kidogo kidogo kwa miaka, wakahiji bila ya kuuza urithi wa watoto wao.

Ndugu wananchi,

Wapi tuweke? Kibubu cha nyumbani ni chema kwa kuanzia, lakini huvunjwa na mwenyewe kabla ya kuvunjwa na mwizi. Upatu ni mila yetu nzuri, kwani humlazimisha mtu kuweka. Khatari yake ni mwanachama anayepokea mwanzo kisha akaacha kuchangia. Zamu na michango iandikwe, na wachezaji wawe watu wanaojuana. Vikundi vya kuweka na kukopa, mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na baadaye ukaenea hapa petu, vina sanduku lenye makufuli matatu na funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Mwisho wa mzunguko kila mmoja hupata fungu lake. Kadhalika ipo Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo pia ina huduma zinazofuata misingi ya Kiislamu. Mwenye simu anaweza kuweka kwa simu, ila namba yake ya siri asimpe mtu.

Jambo la mwisho ni deni. Waislamu tunajua kuwa aya ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, iliyomo katika Sura ya Baqara, inahusu kuandikiana deni. Ikiwa jambo hili limepewa nafasi hiyo, vipi sisi tukope dukani kwa daftari moja tu, la mwenye duka? Kila anayekopa awe na daftari lake. Na mjihadhari na mikopo ya haraka ya mtandaoni. Mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Kabla ya kukopa, ulizeni leseni, ulizeni jumla ya kulipa, na mjiulize wenyewe: mkopo huu unazalisha, au unaliwa?

Ndugu wananchi,

Nawaomba masheha wayafikishe maneno haya kwa wasiofika. Nawaomba walimu wawafundishe watoto kuandika matumizi ya nyumbani kama zoezi la hesabu. Na namuomba kila mwenye nyumba leo usiku achukue daftari, akae na mwenzake, waandike kinachoingia na kinachotoka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenye tundu hakijai.