Mama Anaposafiri Peke Yake na Mtoto Kwenda Nchi ya Joto

Leo tutazungumza juu ya safari. Huenda mume wako amehamishiwa kazi Lodwar, nawe waenda kumwona likizo hii. Au umeweka akiba yako, ukaamua kupumzika siku chache Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, chini ya mikoma. Waenda peke yako, mtoto mgongoni. Je, umejiandaa vipi kwa joto la huko?

Tuichukue safari ya kutoka Kitale. Kitale iko kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, na alfajiri kuna baridi. Lodwar iko chini sana, karibu mita 500. Huko mchana joto hufika nyuzi 35 na zaidi, na miezi ya Januari hadi Machi huwa mikali hasa. Gari likishateremka Marich, hewa inayoingia dirishani ni kama ya mlango wa tanuri. Lakini mtoto bado amevaa kofia ya sufu, sweta na soksi, na blanketi imefunikwa juu yake, kwa sababu ndivyo alivyotoka nyumbani. Mama, hapo ndipo hatari inapoanzia. Mvalishe mtoto nguo nyepesi za pamba kwanza, kisha zile nzito juu yake, ili uzivue moja moja kadiri mnavyoteremka. Mfunike kwa leso nyepesi tu, na usimzibe uso.

Sasa sikiliza jambo kubwa la leo. Joto likimzidi mtu, mara nyingi huanza kuvuruga akili kabla ya kuangusha mwili. Mtu husinzia, hukasirika bila sababu, huona uvivu hata wa kuinua chupa ya maji. Ukiwa na mwenzako, atakuambia, "Dada, hebu kunywa maji." Ukiwa peke yako, nani atakuambia? Na mtoto mchanga hawezi kusema lolote. Kwa hiyo yafaa upange kila kitu kabla ya kuondoka, akili ikiwa bado imetulia.

Kwanza, maji. Wengi wetu akina mama hujizuia kunywa maji safarini kwa kuogopa kukosa choo. Usifanye hivyo. Kabla ya kulipa nauli, muulize dereva atasimama wapi. Beba angalau lita tano za maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, maana gari laweza kuharibika mahali pasipo na duka wala kivuli. Usingoje kiu. Kunywa kikombe kimoja kila saa ukiwa umeketi, na uongeze unapotembea juani. Haba na haba hujaza kibaba. Tazama mkojo wako: ukiwa wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unakuambia umechelewa.

Na mtoto je? Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, hata katika joto la Turkana. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mchana na usiku, nawe unywe zaidi ili usiishiwe nguvu. Aliyepita miezi sita anyonye na pia apewe maji safi kidogo kidogo kwa kikombe. Chupa ya kunyonyea ni vigumu kuisafisha safarini, nayo huleta kuhara.

Pili, weka pakiti za ORS katika mkoba wako. Soma kwenye pakiti ni maji kiasi gani yanayohitajika, na usikadirie kwa macho. Mtoto wa chini ya miaka miwili akihara, mpe robo kikombe hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara, huku ukiendelea kumnyonyesha. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage. Kisha mpeleke kituo cha afya, ambako atapewa pia dawa ya zinki. Usisahau kitabu chake cha kliniki, na chandarua chenye dawa, kwani hata huko kukavu kuna malaria. Kama una mimba, au unatumia dawa za shinikizo la damu au kisukari, ongea na daktari kabla ya safari.

Tatu, tafuta jicho la mtu mwingine. Mwambie dada yako au jirani siku na saa unayoondoka, gari utakalopanda, na saa unayotarajia kufika. Mpigie ukifika, na mkubaliane afanye nini asipokusikia. Uliza pia hali ya usalama barabarani, na usafiri mchana. Mvua ikinyesha milimani, laga iliyokuwa kavu asubuhi yaweza kujaa ghafla. Usikubali kuvuka maji yanayokwenda kasi, hata abiria wengine wakikucheka.

Ukifika, usikimbilie matembezi. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto. Kaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na shughuli zako zifanye asubuhi na jioni. Kule ziwani kuna upepo mkali unaokausha jasho mara moja, hata ukadhani hutoki jasho. Usidanganyike, maji yanakutoka. Usinywe maji ya ziwa, kwani yana magadi na floridi nyingi. Usiingie kuoga wala kufua kabla ya kuwauliza wenyeji, kwa maana mamba wako wengi. Na kamwe usimwache mtoto ndani ya gari lililosimama, hata kwa dakika chache.

Dalili za hatari ni zipi? Kwa mtoto: utosi uliobonyea, macho yaliyoingia ndani, kulia bila machozi, kukataa kunyonya, nepi kavu kwa saa sita, au kulegea. Kwa mtu mzima: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Ukiona haya kwako, ingia kivulini, legeza nguo, kunywa maji au ORS, na mwambie mtu aliye karibu, hata kama humjui, "Sijisikii vizuri, tafadhali nitazame."

Lakini mtu akianza kusema ovyo, akishikwa na degedege, au akizimia huku mwili ukiwaka moto, hiyo ni dharura. Mvueni nguo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea, huku mkitafuta gari la kumpeleka hospitali. Asiyejitambua asipewe kitu mdomoni. Vidonge vya homa havisaidii joto la namna hii. Na mtoto mwenye joto mwilini apelekwe hospitali bila kungoja kesho, maana yaweza kuwa malaria pia.

Basi, mama, leo jioni kabla ya kufunga mkoba, chukua karatasi uandike mambo manne: maji yangu ni lita ngapi, ORS iko wapi, nani anajua ninakokwenda, na kituo cha afya kilicho karibu na nitakapolala ni kipi. Ukiweza kuyajibu yote manne, nenda kwa amani, ukapumzike. Ukikosa jibu hata la moja, litafute kwanza. Gari la kesho lipo.