Mafuta ya Karai na Mishipa ya Moyo

Ugonjwa wa mishipa ya moyo huanza miaka mingi kabla ya kifua kubana. Lehemu mbaya hupenya ukuta wa mshipa, chembe nyeupe za damu huja kuimeza, na uvimbe wa ndani unaotokea hujenga utando wa mafuta. Utando ukipasuka damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya moyo hufa.

Sigara, shinikizo la damu na unene wa tumbo huchochea uvimbe huo. Mafuta yaliyochoka nayo yamo. Mkoani Ruvuma, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, karai lililokaanga mandazi alfajiri ndilo hupokea chipsi jioni. Mafuta yakipungua, huongezwa mengine ya kupima juu ya yale ya jana, hayamwagwi. Yakipashwa tena na tena huwa meusi na mazito, hutoa moshi, na huzalisha kemikali zinazouchokoza mwili. Wanaodai kuwa weusi huo ndio utamu wanajidanganya, na wanawalisha watoto uongo huo.

Linalouma zaidi ni kwamba ziwa lenyewe limejaa kinga. Mwaka 1996 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha wanakijiji zaidi ya 1,200: walaji samaki wa mwambao wa Ziwa Nyasa, na walaji nafaka na mboga wa milima ya Lugalawa, Ludewa, kaskazini tu ya Ruvuma. Walaji samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi na lehemu kidogo zaidi. Samaki huyo huyo leo huzamishwa kwenye mafuta ya wiki nzima! Usipa, dagaa wa ziwa hilo, akianikwa juani kisha akaungwa kwa nyanya na karanga hahitaji karai hata kidogo. Mbasa, samaki mwingine wa humo, huchemshwa au huchomwa.

Zaidi ya mafuta, sukari na chumvi nazo ziangaliwe: soda moja ya mililita 350 huwa na sukari zaidi ya gramu 30. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti. Lakini hata aliyeacha soda hajapona iwapo bado anakula vya karai lile lile. Mafuta yanayotoa povu na moshi mapema humwagwa, hata kama kidumu kimegharimu fedha nyingi.

Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkono wa kushoto au kupanda taya, wengi hudhani ni vidonda vya tumbo, wakameza vidonge na kulala. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.